Maumivu Yasiyo na Jeraha: Neva, Shule na Urithi wa Kasongo

Miongoni mwa mambo yanayomtoa kijana darasani katika wilaya za Kasongo na Kabambare, kusini mwa mkoa wa Maniema, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, watu hutaja kwanza minervali, yaani karo ya shule, kisha malaria, kisha vita, kisha machimbo ya dhahabu. Maumivu sugu ya neva hayatajwi, kwa kuwa hayaonekani: mguu uliowaka moto usiku kucha huonekana asubuhi kama mguu mwingine wowote, hauna kidonda wala uvimbe, na mwenye mguu huo, anaposhindwa kusimama mstarini wakati bendera inapandishwa, huhesabiwa kuwa mvivu, mtoro au mtoto aliyelogwa. Safu hii inaeleza maumivu hayo ni nini, yanatoka wapi katika mazingira ya Maniema, na mwanafunzi, mwalimu, mzazi na muuguzi wanaweza kuyakabili kwa njia gani. Hoja yake kuu ni moja: ugonjwa huu, ambao hudhaniwa kuhitaji mabingwa na mashine za mbali, unahitaji kwanza mgonjwa aaminiwe na afuatiliwe kwa muda mrefu, na Kasongo ni mahali ambapo dunia ilijifunza jinsi kituo kidogo cha afya kinavyoweza kufanya kazi hiyo.

Mjumbe aliyejeruhiwa

Neva, ambazo wengi huziita mishipa ya fahamu, ni nyuzi zinazopeleka habari kutoka kwenye ngozi, misuli na viungo hadi kwenye uti wa mgongo na ubongo, na kuleta kutoka huko amri ya kutenda. Mtu anapokanyaga mwiba, neva huwa mjumbe mwaminifu, kwani hueleza kwamba mguu umechomwa, mwiba hung'olewa, kidonda hupona na habari hukoma. Katika maumivu ya neva ni mjumbe mwenyewe aliyejeruhiwa, ama kwa kukatwa, kubanwa, kushambuliwa na vijidudu, kupewa sumu au kukosa chakula chake, naye huendelea kupiga kelele za hatari hata pale ambapo hakuna hatari yoyote. Kelele hizo zikidumu, uti wa mgongo na ubongo huzizoea kwa namna mbaya, yaani hujipandisha usikivu, hata mguso mwepesi wa shuka au wa soksi ukasikika kama kisu. Hali hiyo ya kuumizwa na kitu kisichopaswa kuumiza madaktari huiita alodinia.

Maumivu huitwa sugu yanapodumu au kurudiarudia kwa zaidi ya miezi 3, na katika toleo la 11 la orodha ya kimataifa ya magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022, maumivu sugu yamepewa nafasi yake yenyewe, badala ya kuhesabiwa daima kuwa kivuli cha ugonjwa mwingine. Mwaka 2020 Chama cha Kimataifa cha Utafiti wa Maumivu kilirekebisha maana ya neno maumivu iliyokuwa ikitumika tangu 1979, na katika maelezo yake kikasisitiza kwamba kauli ya mtu anayesema anaumwa yapasa kuheshimiwa. Msingi huo wa kisayansi unakubaliana na methali inayojulikana na kila mzungumzaji wa Kiswahili, kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti: hakuna kipimo cha damu wala picha ya mionzi inayopima maumivu, na kwa sababu hiyo neno la mgonjwa ndicho kipimo cha kwanza.

Neno hilo lina sura zake zinazotambulika. Kijana mwenye maumivu ya neva mara chache husema tu kwamba anaumwa. Husema mguu unawaka moto, unapigwa na umeme, unachomwachomwa na sindano, unatambaliwa na sisimizi, unawasha kama umepakwa pilipili, au umekufa ganzi na bado unauma, jambo linaloonekana kama kinyume lakini lisilo kinyume, kwa sababu neva iliyoharibika hupoteza hisia za kweli huku ikitunga hisia za uongo. Maneno hayo ni sahihi kuliko msemaji mwenyewe anavyodhani: mwaka 1997 kundi la mtafiti David Julius lilitambua katika ncha za neva mlango unaofunguliwa na joto kali na pia na kiini kikali cha pilipili, ugunduzi uliomletea Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian, na kwa hiyo anayesema ngozi yake inawaka kama pilipili anataja njia ile ile ambayo sayansi imeiona. Madaktari wa Ufaransa, kwa upande wao, walitunga mwaka 2005 hojaji fupi iitwayo DN4, yenye vipengele 10, ambavyo 7 ni maneno ya mgonjwa, kama vile moto, baridi inayouma, umeme, sindano na ganzi, na 3 ni uchunguzi wa ngozi unaohitaji kitu laini, kitu chenye ncha na brashi tu. Mtu mzima anayepata 4 au zaidi hudhaniwa kuwa na maumivu ya neva. Kwa kijana hojaji hiyo haitoi hukumu ya mwisho, lakini inamfundisha muuguzi maswali ya kuuliza.

Maumivu hayo yanatoka wapi

Katika nchi tajiri somo hili huanza kwa kisukari na majeraha ya ajali, ilhali kusini mwa Maniema chanzo kinaweza kuwa karibu zaidi na maisha ya kila siku, na cha kwanza cha kuulizia ni sindano. Neva kubwa kuliko zote mwilini, iitwayo neva ya siatiki, hupita ndani ya tako na kushuka hadi mguuni, na sindano inayochomwa mahali pasipofaa, hasa kwa mtoto mwembamba, inaweza kuigusa au kuimwagia dawa kali. Kwa miongo mingi kwinini ilichomwa matakoni kutibu malaria, na katika sehemu nyingi za Afrika wapo watoto waliobaki na mguu unaoburuta na kuwaka. Mwaka 2010 utafiti uliohusisha watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, Kongo ikiwemo, ulionyesha kwamba atesuneti huokoa maisha zaidi ya kwinini, na mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa watoto. Hata hivyo, desturi ya kudai sindano kwa kila homa, na ya kuchomwa na watu wasiofunzwa, haijaisha, na kijana wa miaka 15 anaweza kuwa anabeba leo jeraha la sindano ya miaka 10 iliyopita.

Chanzo cha pili ni ukoma, ugonjwa ambao Kongo imo miongoni mwa nchi zinazobeba mzigo wake mkubwa duniani. Kijidudu chake, kilichogunduliwa na Mnorwe Hansen mwaka 1873, hupenda kukaa ndani ya neva, hasa ile inayopita nyuma ya kiwiko na ile inayozunguka upande wa nje wa goti, na kuifanya inenepe, iume na hatimaye ife. Mchanganyiko wa dawa ulioanza kupendekezwa mwaka 1981, na unaotolewa bila malipo duniani tangu 1995, huua kijidudu hicho kwa miezi 6 au 12. Lakini mwili unaweza kuendelea kuwasha moto ndani ya neva hata kijidudu kikiwa kimekwisha kufa, na baadhi ya waliotangazwa kupona hubaki na maumivu kwa miaka. Neva iliyoanza kudhoofika ndani ya miezi 6 iliyopita mara nyingi inaweza kuokolewa kwa dawa ya predinisoni, na ndiyo maana baka lisilo na hisia au mkono unaoanza kuachia kalamu ni jambo la kupelekwa kituoni wiki hiyo hiyo, bila kungojea likizo.

Kuna pia dawa zinazoponya ugonjwa mmoja na kuumiza neva. Isoniazidi, nguzo mojawapo ya tiba ya kifua kikuu, huingilia kazi ya vitamini B6, na kwa mgonjwa mwenye lishe duni inaweza kuleta ganzi na moto wa nyayo. Vidonge vidogo vya vitamini hiyo, iitwayo pia piridoksini, huzuia madhara hayo, ingawa ikitumiwa kupita kiasi vitamini yenyewe huharibu neva. Stavudini, dawa ya zamani ya virusi vya ukimwi, iliunguza nyayo za wagonjwa wengi hata Shirika la Afya Duniani likashauri mwaka 2009 iachwe hatua kwa hatua. Malale nayo, ugonjwa uenezwao na mbung'o na uliojulikana kwa muda mrefu katika ukanda wa Maniema, huweza kuleta maumivu makali ya ndani yanayochelewa kidogo baada ya mfupa kugongwa au msuli kubinywa. Dalili hiyo huitwa kwa jina la daktari Mfaransa Kérandel, aliyeitambua katika mwili wake mwenyewe alipougua mwanzoni mwa karne ya 20. Kijana anayelalamika hivyo, huku akisinzia mchana na kukesha usiku, anastahili kupimwa malale kabla ya kuadhibiwa kwa kulala darasani, kwa kuwa tangu mwishoni mwa mwaka 2018 ipo tiba ya vidonge vya feksinidazoli, inayotolewa kwa siku 10.

Kabambare inaongeza swali la dhahabu. Katika machimbo madogo, pale zebaki inapotumiwa kukamata chembe za dhahabu na kisha kuchomwa ili ivukizwe, mvuke wake huvutwa na wote waliopo, wakiwemo vijana waliokwenda kutafuta minervali yao. Zebaki ni sumu ya neva: huleta mtetemo wa mikono, usahaulifu na hasira, na kwa watoto inaweza kuleta ugonjwa uitwao akrodinia, ambapo viganja na nyayo huwa vyekundu, huvimba na kuuma vikali. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kazi mwaka 2017, umezitaka nchi kupunguza matumizi hayo. Kwa muuguzi wa kijijini maana yake ya karibu ni swali moja la nyongeza, yaani kijana huyu hufanya kazi gani siku asizokuja shuleni, na nani huchoma dhahabu karibu na mahali anapolala.

Chakula nacho kina sehemu yake. Kati ya 1991 na 1993 zaidi ya watu 50,000 nchini Kuba walipatwa na ugonjwa wa neva za macho na miguu, wengi wakilalamika nyayo zinazowaka, na serikali ikagawia wananchi vitamini za kundi B. Katika miaka hiyo hiyo, huko Dar es Salaam, madaktari walieleza mlipuko wa kufifia kwa macho miongoni mwa vijana na hata wanafunzi wa shule za msingi, ambao wengine walikuwa na neva za miguu zilizoharibika, na lishe ikashukiwa. Muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha una asili ya sayanidi, sumu inayoweza kuleta konzo, ugonjwa ulioelezwa na daktari Trolli mwaka 1938 huko Kwango, Kongo, na kuonekana pia Tarime, Tanzania, mwaka 1985. Ni vyema mzazi ajue tofauti: konzo hukaza miguu yote miwili ghafla, ndani ya saa au siku chache, na kwa kawaida haiachi ganzi wala moto wa muda mrefu; kinga yake ni kuloweka muhogo siku 3 kamili au, kwa unga uliokwisha sagwa, kuulowanisha na kuutandaza kwa tabaka jembamba saa 2 juani au saa 5 kivulini kabla ya kusonga bugali. Wapo, mwisho, vijana wenye ugonjwa wa selimundu, ambao Kongo wengi huuita SS, na ambao maumivu yao ya mifupa, yakirudi mwaka hadi mwaka, yanaweza kuongeza juu yake maumivu ya neva. Na wapo waliojeruhiwa kwa risasi au panga, wengine wakikatwa kiungo na kuendelea kusikia vidole ambavyo havipo tena.

Umri mgumu mahali pagumu

Maumivu haya humkuta kijana katika miaka ambayo kila kitu kinahesabiwa. Kongo imefuta malipo ya shule za msingi za serikali tangu Septemba 2019, lakini sekondari bado hulipiwa, kwa hiyo kila wiki ya kukosa masomo ni fedha ya familia iliyopotea, na mwishoni mwa safari unangoja Mtihani wa Dola, ambao wanafunzi huuita Exetat, na ambao haumwulizi mtu alilala vipi usiku wa kuamkia siku yake. Kijana hutembea kilomita kadhaa kufika shuleni, huketi pamoja na wenzake 3 au 4 kwenye benchi moja pasipo nafasi ya kunyoosha mguu, huandika kwa kunakili ubaoni kwa sababu vitabu ni haba, na huitwa pia kwenye salongo, yaani kazi ya pamoja ya kufyeka na kusafisha. Kila moja ya shughuli hizo, isiyo kitu kwa mwenzake, inaweza kuchochea neva yake.

Usingizi ndio unaoathirika kwanza, kwa kuwa maumivu ya neva huzidi usiku, wakati ambapo hakuna kelele nyingine ya kuyafunika. Na asiyelala huumia zaidi kesho yake, kwa sababu ubongo uliochoka hauna nguvu ya kuzuia habari za maumivu. Mwaka 1965 watafiti Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba katika uti wa mgongo kuna kitu kama lango, linaloweza kufunguliwa au kufungwa kwa kiasi na hisia nyingine na pia kwa amri za ubongo, na maarifa yaliyofuata, ingawa yamelirekebisha wazo hilo, yamethibitisha kiini chake: hofu, upweke na kukata tamaa hulifungua lango, ilhali utulivu, mwendo na shughuli yenye maana hulifunga. Kusema hivyo si kusema kwamba maumivu ni ya kuwazia tu. Ni kusema kwamba maneno ya mwalimu na ya mama, yanapopita katika ubongo wa kijana, hugeuka kuwa sehemu ya dawa au sehemu ya ugonjwa.

Hapo ndipo shutuma huumiza mara mbili. Kijana anayeambiwa anajisingizia hujifunza kunyamaza, na akinyamaza ugonjwa hukosa shahidi wake pekee. Anayeambiwa amelogwa, au kwamba yeye mwenyewe ni mchawi, hutolewa katika kituo cha afya na kupelekwa mahali pa kufungishwa chakula, kuchanjwa chale au kuchomwa moto, vitu ambavyo huongeza jeraha juu ya neva iliyokwisha jeruhiwa. Sheria ya Kongo ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumshutumu mtoto kwa uchawi, na ni vyema viongozi wa misikiti na makanisa waifahamu, kwa kuwa katika mji wa Kasongo, ambao tangu siku za mfanyabiashara Tippu Tip umekaa na Uislamu na baadaye ukawa pia makao ya jimbo la Kikatoliki, neno la shehe au la padri hufika nyumbani haraka kuliko neno la daktari. Sala humtuliza mgonjwa na haina ugomvi na dawa. Kinachokatazwa ni kuitumia kumzuia asiende kutibiwa. Kijana anayesema amechoka kuishi asiachwe peke yake, wala asikemewe, bali apelekwe siku hiyo hiyo kwa mtu wa afya.

Tiba iliyo karibu

Mwishoni mwa mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kutunza maumivu sugu ya watoto na vijana, nao unasimama juu ya miguu mitatu: mazoezi ya mwili, msaada wa kisaikolojia na dawa, vyote vikilenga kumrudisha kijana katika maisha yake kuliko kulenga kufuta kila chembe ya maumivu. Hatua ya kwanza ni kutafuta chanzo kinachotibika, yaani ukoma, malale, kisukari, upungufu wa vitamini au dawa inayodhuru, kwa kuwa hakuna sababu ya kutuliza kelele ilhali nyumba inaungua. Dalili za kukimbizwa hospitalini ziwekwe wazi: miguu kulegea au kukaza ghafla, kushindwa kuzuia haja au kukojoa, udhaifu unaopanda kutoka miguuni kwenda juu, macho kufifia, na homa pamoja na maumivu ya mgongo.

Kuhusu dawa, familia nyingi hutumia fedha nyingi kwa parasetamoli na diklofenaki, ambazo zinafaa kwa maumivu ya kawaida na mara nyingi hazifui dafu mbele ya neva, na diklofenaki ikizoelewa huumiza tumbo na figo. Dawa ya kale na ya bei nafuu inayotumika zaidi ni amitriptilini, ambayo kwa asili ni dawa ya kutibu huzuni kubwa, lakini kwa kipimo kidogo cha usiku hutuliza neva na kuleta usingizi. Huanzwa kwa kiasi kidogo, mara nyingi miligramu 10, hupandishwa polepole, huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake, na huacha kinywa kikavu na uzito wa asubuhi. Ushahidi wake kwa vijana bado ni haba, kwa hiyo lazima itolewe na kufuatiliwa na daktari au muuguzi aliyefunzwa, ambaye huuliza pia kuhusu moyo na hali ya nafsi, na ihifadhiwe na mzazi, kwani ikimezwa nyingi kwa mkupuo huua. Vidonge vya tramadoli vinavyouzwa barabarani bila cheti si njia ya mkato. Humfunga kijana katika uraibu na kumwachia maumivu yake.

Yaliyobaki hayanunuliwi sokoni. Ngozi inayoogopa kuguswa huzoezwa upya kwa kusuguliwa dakika chache kila siku, kwanza kwa pamba, kisha kwa kitambaa laini, kisha kwa kitambaa cha kukwaruza. Kiungo kilichokatwa huweza kutulizwa kwa kioo kinachosimamishwa katikati ya miguu, ili ubongo uuone mguu mzima mahali pa ule usiokuwepo. Kazi hugawanywa katika vipande vinavyofanana, yaani kijana hatembei sana siku nzuri na kulala kabisa siku mbaya, bali hutembea kiasi kile kile kila siku na kukiongeza kidogo kila wiki, kwa kuwa mwili uliolazwa muda mrefu husinyaa na neva huzidi kulalamika. Mguu wenye ganzi hukaguliwa kila jioni kwa macho na vidole, huvishwa viatu, na hauwekwi karibu na mafiga wala kukandwa kwa maji ya moto yasiyopimwa kwanza kwa mkono wenye hisia.

Darasa linaloweza kubadilika

Shule haihitaji bajeti mpya ili kumsaidia mwanafunzi huyu. Inatosha prefe, yaani mkuu wa shule, na walimu wake wakubaliane juu ya mambo machache na kuyaandika: aketi pembeni mwa benchi, anyooshe mguu au asimame nyuma ya darasa bila kuomba ruhusa kila mara, apewe daftari la mwenzake anaponakili polepole, aongezewe muda katika majaribio, na siku ya salongo apewe kazi ya kukaa, kama kuhesabu majembe au kuandika orodha, ili asionekane ameachiwa bure na kuchukiwa na wenzake. Adhabu ya kupigishwa magoti na ile ya fimbo, ambazo hazimfai mtoto yeyote, kwake zinaweza kuleta maumivu ya siku nyingi. Sheria ya haki za watu wenye ulemavu ya tarehe 3 Mei 2022 inampa mzazi msingi wa kudai marekebisho ya namna hiyo pale ulemavu unapothibitishwa, lakini mwalimu mwenye busara hangoji sheria imshike mkono.

Mwanafunzi mwenyewe ana kazi yake, nayo ni kujifunza kusema. Badala ya kusema "Mwalimu, ninaumwa", kauli ambayo kila mtoto asiyeandaa somo ameitumia, anaweza kusema: "Mwalimu, mguu wangu wa kushoto unawaka moto tangu usiku, naomba nisimame dakika tano, kisha nitaendelea kuandika." Kauli hiyo ina mahali, ina namna, ina muda, ina ombi na ina ahadi, na mwalimu anayeisikia mara kwa mara, kisha akaona ahadi inatimizwa, huacha kushuku. Rafiki mmoja aliyeelezwa ukweli, anayeweza kubeba begi na kumwambia mwalimu pale mwenyewe anaposhindwa, ana thamani kubwa, na kaka au dada mkubwa nyumbani anaweza kushika nafasi hiyo hiyo kwa kazi za maji na kuni.

Urithi wa Kasongo

Kilichobaki ni kuunganisha darasa na kituo, na hapa historia ya mahali ina neno la kusema. Mwaka 1971, katika ushirikiano wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule, na Ubelgiji, Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp ilianza Kasongo mradi uliojaribu kupanga huduma za afya za wilaya nzima kama mwili mmoja, wenye vituo vidogo karibu na watu na hospitali moja ya rufaa nyuma yake. Mwaka 1981 timu ya mradi huo ilichapisha katika jarida la Lancet uchunguzi wake juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto wa Kasongo, na jina la mji likaingia katika mijadala ya afya ya dunia. Lakini mchango wake mkubwa zaidi ulikuwa wa utaratibu. Walimu wa fikra hiyo, akina Pierre Mercenier na Harrie Van Balen, walifundisha kwamba kituo cha afya kinapaswa kutoa tiba kamili, inayomwona mtu pamoja na familia na kazi yake; tiba endelevu, inayomfuata tangu dalili ya kwanza hadi mwisho; na tiba unganishi, isiyotenga kinga na uponyaji. Uzoefu wa Kasongo ulisaidia kuzaa mfumo wa maeneo ya afya ambao leo umeigawa Kongo katika maeneo zaidi ya 500, Kasongo na Kabambare yakiwemo.

Mfumo huo umepita katika vita, umasikini na barabara mbovu, na si haki kuuelezea kana kwamba kila kituo kina dawa na kila muuguzi ana muda. Hata hivyo maneno yale matatu ndiyo hasa yanayohitajika na kijana mwenye maumivu ya neva. Mtaalamu wa neva yuko mbali, na hata Kindu, makao makuu ya mkoa, pako zaidi ya kilomita 200 kutoka Kasongo, safari ambayo juu ya pikipiki ni mateso kwa mgongo mzima, sembuse mgonjwa; lakini muuguzi wa kituo yuko umbali wa kutembea, anaijua familia, anakumbuka sindano ya mwaka ule na anajua baba anafanya kazi katika machimbo gani. Bingwa aliye mbali humwona mgonjwa mara moja. Muuguzi anaweza kumwona mara 12 kwa mwaka, na kupandisha dawa polepole, kupima hisia za ngozi, kuuliza usingizi na kusoma uso ni kazi ya mara 12.

Katika kila kijiji chenye shule na kituo, kuna madaftari mawili yanayomtaja kijana huyu. Moja ni daftari la mahudhurio, ambamo mwalimu ameandika siku asizofika. Jingine ni daftari la kituo, ambamo muuguzi ameandika siku alizofika akiumwa. Mara nyingi tarehe zake ni zile zile, na hakuna aliyewahi kuyaweka mezani pamoja. Mwalimu akimpa mzazi karatasi yenye tarehe za kukosekana na maneno ya mwanafunzi kama alivyoyasema, na muuguzi akarudisha karatasi hiyo ikiwa na ushauri wa kukaa, kutembea na muda wa mtihani, utoro wa daftari moja utapata maelezo yake katika daftari la pili. Gharama ya kazi hiyo ni karatasi moja kwa mwezi, na mguu utaendelea kuwaka baadhi ya usiku. Lakini asubuhi yake kijana atakuta benchini nafasi aliyowekewa na mtu anayejua ni kwa nini amewekewa.